Dekio la kuzungusha na ndoo yake: je, linafanya kudeki kupendeze?

Wengi wanaosema hawapendi usafi wa nyumba hawachukii usafi wote. Kufagia hakulalamikiwi sana, kupanga vitu kuna raha yake, na kufuta vioo ni kazi ambayo hata watoto huigombania. Kinachochosha moyo ni kudeki, na ndani ya kudeki ni jambo moja hasa: kuingiza mikono katika maji meusi, kukamua tambara lililojaa nywele, mchanga na punje za wali, kuinama tena, na kurudia hivyo hivyo hadi chumba cha mwisho. Ndiyo maana ushauri mwingi unaotolewa kuhusu namna ya kuifurahia kazi hii, kama vile kufungulia muziki, kununua sabuni yenye harufu ya waridi au kujiahidi chai ya maziwa mwishoni, hunipita bila kunigusa. Harufu ya waridi haiutoi mkono ndani ya ndoo. Kifaa ninachokitathmini hapa kinautoa, na kwa sababu hiyo kinastahili kujadiliwa kwa kirefu, pamoja na kasoro zake ambazo si chache.

Dekio la kuzungusha, ambalo wauzaji wengine huliita mopa ya kuzunguka, huuzwa likiwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ndoo ya plastiki yenye umbo la yai, ambayo upande wake mmoja umewekewa kikapu kidogo chenye matundu. Ya pili ni mpini wa chuma chepesi, ambao mwishoni una sahani ya mviringo iliyozungukwa na nyuzi laini. Unazichovya nyuzi katika upande wa maji, unaziinua, unaziweka ndani ya kikapu, kisha unausukuma mpini kwenda chini. Ndani ya mpini mna ufito wa chuma uliosokotwa, nao huugeuza msukumo wa kwenda chini kuwa mzunguko. Kikapu huzunguka kwa kasi na maji hutupwa nje kupitia matundu, kwa kanuni ileile inayotumiwa na mashine ya kufulia inapokamua nguo. Zipo pia ndoo ambazo hazitegemei mpini bali zina kanyagio, na kikapu chake huzungushwa kwa mguu.

Nia ya kumwinua msafishaji kutoka magotini si ya jana. Nchini Hispania anakumbukwa mhandisi wa ndege Manuel Jalón Corominas, ambaye mwaka 1956 alianza kutengeneza kwa ajili ya nyumba za kawaida dekio la mpini mrefu pamoja na ndoo yenye kikamulio, baada ya kuona sakafu za mabanda ya ndege nchini Marekani zikisafishwa na watu waliosimama wima. Ndoo ya kuzungusha imekuja miaka mingi baadaye, lakini imeshughulikia sehemu ambayo vikamulio vya zamani viliiacha nusu. Kile kikamulio cha plastiki chenye umbo la faneli, kinachopatikana katika ndoo za bei nafuu, humtaka mtu abonyeze na kusokota kwa nguvu zake zote, na mara nyingi dekio hutoka humo likiwa bado linachuruzika, kiasi kwamba mtu huishia kulikamua kwa mkono alivyozoea.

Langu nililinunua Kariakoo, Dar es Salaam, katika mojawapo ya maduka ya vyombo vya plastiki jirani na Mtaa wa Kongo. Muuzaji alianza na shilingi 45,000, tukapatana 35,000 pamoja na kichwa kimoja cha nyuzi cha akiba. Sanduku lilikuwa na picha ya mwanamke anayetabasamu huku akideki akiwa amevaa viatu vya visigino virefu, jambo ambalo sijapata kuliona katika nyumba yoyote ninayoifahamu. Muuzaji, kwa uungwana wake, aliliunganisha dekio palepale dukani. “Dada, zungusha mwenyewe kabla hujatoa hela,” alisema, “usije ukarudi kesho ukaniambia nimekuuzia picha.” Ninamshauri kila mnunuzi asisitize jambo hilo. Hakikisha kwamba kikapu hakiyumbi kinapozunguka, kwamba pete ya kufungia mpini inakaza na kubaki imekaza, na kwamba ndoo ina kizibo cha kutolea maji machafu pembeni au chini, kwa maana kuibeba na kuimimina ndoo nzima yenye umbo la yai na kikapu ndani ni kazi isiyo na adabu.

Nyumba yangu ina vigae katika vyumba vyote isipokuwa veranda ya nyuma, ambayo ni ya saruji tupu. Katika vigae, dekio hili limebadilisha kabisa mwenendo wa kazi. Nyuzi zake ni za maikrofaiba, yaani mchanganyiko wa poliesta na poliamaidi uliochanwa kuwa nywele nyembamba mno, na wembamba huo ndio unaoziwezesha kunasa vumbi na mafuta badala ya kuyasukuma kutoka kona moja hadi nyingine. Sahani hujipinda kufuata mkono, kwa hiyo nyuzi huingia chini ya kochi na chini ya kitanda bila mtu kulala kifudifudi. Nyuma ya choo, mahali ambapo tambara la mkono humfanya mtu ajute kuzaliwa, hupita mara moja na kutoka.

Hata hivyo, raha yenyewe haiko sakafuni. Iko katika kikapu. Unapoweka nyuzi zilizolowa na kusukuma mpini mara ya kwanza, husikika mlio mzito wa maji yakigonga kuta za ndoo; msukumo wa pili mlio unakuwa mwepesi; kufikia wa nne unasikia upepo tu, na nyuzi zilizokuwa zimegandamana zinatoka zikiwa zimeachana, kila moja peke yake, zikiwa na unyevu usiolowesha kiganja. Maji ya kahawia unayaona yakiteremka upande wa pili bila kuyagusa. Kuna kuridhika kwa ajabu katika kuona uchafu ukiondoka kwa kazi ndogo namna hiyo, na ninaamini hapo ndipo siri ya usafi wa kufurahisha ilipo: mtu huipenda kazi anapoona matokeo yake papo hapo na asipolazimika kulipia matokeo hayo kwa mgongo wake. Mpwa wangu, ambaye kwa kawaida hutoweka mara tu anapoona ufagio umeshikwa, sasa huja kuomba azungushe yeye. Hadeki vizuri, huacha visiwa vya vumbi katikati ya sebule, lakini anazungusha kwa bidii, na mtoto anayekaribia ndoo kwa hiari yake mwenyewe ni mwanzo mzuri.

Faida nyingine ni kuweza kuchagua kiasi cha unyevu. Jikoni, penye mafuta ya kukaangia, ninazungusha mara moja au mbili tu ili nyuzi zibaki na maji ya sabuni ya kutosha; sebuleni ninazungusha hadi nyuzi zikaribie kukauka. Katika msimu wa masika, hewa ya Dar es Salaam inapojaa unyevu na sakafu iliyodekiwa kwa tambara hukaa muda mrefu ikiwa na maji, tofauti hii ni kubwa: vigae hukauka upesi, watu hawatelezi, na nyayo za watoto hazijichori katikati ya kazi. Maji yanayotumika pia ni kidogo, na siku ambazo bomba halitoi maji na mtu anategemea pipa au tangi, hilo si jambo dogo.

Habari ya maji inanileta kwenye chumvi. Nyumba nyingi za jiji hili hutumia maji ya visima virefu, na visima vingi vina chumvi. Maji hayo yakikauka juu ya kigae cheusi au cha kung'aa huacha ukungu mweupe, na mtu hudhani hakudeki vizuri, anarudia, na ukungu unaongezeka. Dekio lililokamuliwa sana huacha maji machache, hivyo na ukungu unapungua, ingawa hauishi. Ninachofanya ni kudeki kwa maji ya kisima, kisha kupitisha mara ya mwisho kwa maji kidogo yasiyo na chumvi, ya bombani au ya mvua yaliyokingwa, huku nyuzi zikiwa zimekamuliwa hadi mwisho. Wapo wanaopendelea kuondoa ukungu huo kwa siki iliyochanganywa na maji mengi, na katika vigae vya kawaida vya udongo uliochomwa haina ubaya. Wenye sakafu za terazo au za mawe ya marumaru halisi wasijaribu kabisa, kwa sababu asidi ya siki na ya limau hula chokaa iliyomo ndani ya mawe hayo na kuyaacha yakiwa yamefifia, na hapo hakuna dekio litakalorudisha mng'ao.

Chumvi hiyohiyo ndiyo adui wa kifaa. Kuna vikapu vya plastiki na vikapu vya chuma kisichoshika kutu. Wauzaji husifu vya chuma, na kweli huzunguka kwa utulivu zaidi kwa sababu ya uzito wao, lakini skrubu ya katikati inayokishikilia kikapu mara nyingi si ya chuma hichohicho. Katika ndoo yangu kikapu kingali kinameremeta, ilhali skrubu yake imeanza kuvaa rangi ya tangawizi iliyokauka. Ninaisuuza ndoo kwa maji yasiyo na chumvi kila ninapomaliza, ninaigeuza kifudifudi ikauke, na kutu imepunguza mwendo. Kwa mtu asiye na subira ya kufanya hivyo, kikapu cha plastiki kinafaa zaidi, na bei yake ni ya chini.

Kasoro kubwa kuliko zote, na ambayo hakuna muuzaji aliyenitajia, ni kwamba ndoo ya aina hii ina maji ya namna moja. Unachovya nyuzi chafu katika maji yaleyale utakayozichovya tena baadaye, na kile kikapu kinachokamua vizuri hukamulia uchafu wake ndani ya ndoo ileile. Chumba cha kwanza hupata maji safi, cha pili hupata maji ya chumba cha kwanza, na cha nne hupata supu. Dawa yake ni ama kubadilisha maji kila baada ya vyumba viwili, ama kuwa na ndoo ya pili ya kawaida pembeni: katika hiyo ya kawaida unasuuza nyuzi kwanza, kisha unazichovya katika maji ya sabuni ya ndoo yenye kikapu. Siku hizi zimeingia sokoni ndoo zenye vyumba viwili, maji safi yakitengwa na maji machafu, ambazo nyingi huja na dekio bapa la mstatili. Wazo lake ni bora kwa usafi, na mwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa angefanya vema kuzitazama. Nilipozijaribu dukani, hata hivyo, nafasi ya kukamulia ilikuwa finyu na kichwa kile bapa kilikwama mara kwa mara, na zaidi ya yote ilikosekana ile raha ya mzunguko niliyoieleza.

Mama mkwe wangu, ambaye amedeki maisha yake yote kwa taulo kuukuu na bado sakafu yake hukaa kama kioo, alikitazama kifaa hiki kwa upole wa mtu asiyetaka kuudhi. “Mwanangu, hicho kinapapasa,” alisema, “hakideki.” Sikumbishia, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu kwa sehemu alikuwa anasema kweli. Uji uliokauka, tone la rangi ya kucha, au ute wa embe uliogandia kigae hautatoka kwa nyuzi laini zinazopita juu juu; unahitaji mkono, kiganja chenye uzito na kitambaa kigumu. Vivyo hivyo maungio kati ya vigae: dekio hupita juu yake na kuyaacha yakizidi kuwa meusi mwezi hadi mwezi, na njia pekee ninayoijua ni brashi ngumu na sabuni, mtu akiwa ameketi kwenye kigoda. Sanduku lenye picha ya viatu virefu halitaji lolote kuhusu kigoda.

Juu ya saruji tupu ya veranda, usithubutu. Nyuzi hunasa kwenye mikwaruzo ya sakafu, hukatika, na kuacha manyoya kila mahali. Huko nje fagio la chelewa na ndoo ya maji ya kumwaga vinatosha, na sioni sababu ya kifaa chochote cha kisasa kuvigombania nafasi yao.

Kuhusu dawa za kuchanganya katika maji, nina maneno machache lakini mazito. Nyuzi za maikrofaiba hazihitaji sabuni nyingi; kiasi cha kijiko cha sabuni ya maji kwa ndoo kinatosha, na zaidi ya hapo sakafu hubaki ikinata na kuvuta vumbi upya kabla ya magharibi. Jiki iwe ya chooni na ya nadra, kwa sababu ikitumiwa kila siku huzidhoofisha nyuzi, na kamwe isichanganywe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini ambayo humkaba mtu kifua. Wapo wanaoamini kwamba dawa mbili zikikutana nguvu huwa maradufu. Katika chumba kidogo cha choo kisicho na dirisha, imani hiyo ni ya hatari. Nyuzi zenyewe hufuliwa kwa sabuni ya kawaida, bila ile dawa ya kulainishia nguo, ambayo huzipaka utando na kuzinyima uwezo wa kunasa vumbi. Zianikwe juani, mbali na pasi na moto. Dekio linaloachwa limesimama kwenye ndoo lenye maji hadi siku ya pili litanuka, na harufu yake itahamia kila chumba utakachodeki.

Mwenye neno la mwisho kuhusu starehe ya kifaa, kwa maoni yangu, si mimi bali dada anayetusaidia kazi za nyumbani, kwa kuwa ndiye anayedeki siku nyingi zaidi. Yeye alisifu mambo mawili ambayo sikuyafikiria: kwamba mikono yake haipasuki tena vidoleni kwa sabuni, na kwamba anaweza kudeki akiwa amesimama hata siku ambazo kiuno kinamsumbua. Alilalamikia jambo moja, na lalamiko lake ni la haki. Mpini unaporefushwa kumfaa mtu mrefu, ile pete ya kufungia hulegea wakati wa kuzungusha, na mpini hushuka ghafla mkononi. Tumejaribu kuikaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na inashika, lakini bidhaa ya bei hii haikupaswa kuhitaji ufundi wa mtaani katika miezi yake ya mwanzo. Ndoo za kanyagio hazina tatizo hilo, kwa kuwa mpini wake hausukumwi. Badala yake meno ya plastiki yaliyo chini ya kanyagio ndiyo huvunjika, na yakivunjika ndoo nzima inageuka kuwa ndoo ya kawaida yenye umbo baya. Kati ya maradhi hayo mawili ninachagua pete inayolegea, ambayo angalau hurekebishika nyumbani.

Jambo jingine linalozungumzwa mara chache ni ngazi. Kwa anayeishi ghorofa na kudeki ngazi za ndani, ndoo hii ni pana, ina uzito zaidi ikiwa na maji, na haikai salama juu ya kidato. Wapo wanaoiacha chini na kupanda na dekio peke yake, wakishuka kila baada ya vidato vichache kulichovya, na kwa safari hizo sidhani kama furaha inabaki. Hapo tambara lenye unyevu na mkono mmoja bado vinashinda.

Je, thamani yake inalingana na bei? Kwa nyumba yenye vigae na vyumba vitatu au zaidi, ndiyo, na ningeinunua tena. Kwa chumba kimoja cha kupanga, 35,000 ni fedha nyingi kwa sakafu ambayo tambara huimaliza kabla chai haijachemka; hapo dekio la nyuzi za pamba na ndoo yoyote vinatosha, na fedha inayobaki inunue glavu za mpira, ambazo nazo huutoa mkono ndani ya maji meusi kwa bei ndogo zaidi. Kwa anayenunua zawadi ya wenye nyumba mpya, ninaipendekeza kuliko seti nyingine ya bilauri.

Ukishaamua, chukua na vichwa vya akiba siku hiyohiyo. Nyuzi huchakaa na kupukutika kabla ya ndoo, na ingawa sahani nyingi zina upana wa sentimita 16, namna ya kubana kichwa hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine: kingine hubanwa kwa kukanyagwa juu ya nyuzi, kingine kina meno pembeni. Pima kwa kuunganisha palepale dukani, na kama muuzaji hana kichwa cha akiba kinachoingia, nenda duka la pili, kwa maana katika mitaa ile halitakuwa mbali.